Kijiti cha Kukorogea Damu

Nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama kulikuwa na kijiti cha mzeituni mwitu kilichochomekwa juu ya mlango, upande wa ndani. Kilikuwa cheusi na laini kwa kushikwa miaka mingi. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa kukigusa, na kwa muda mrefu nilidhani ni cha kutuchapia, nikakiheshimu ipasavyo. Nilipokuwa mtu mzima ndipo bibi, jina lake Namelok, aliponiambia kilikuwa cha mama yake, Nanyori, na kwamba kilimtesa mama yake kuliko fimbo yoyote. Habari za Nanyori nazitoa kama nilivyozipokea kwa Namelok, ambaye hakuwa mtu wa kupamba maneno.

Nanyori aliolewa Olasiti, magharibi ya Mlima Meru, zaidi ya miaka kumi kabla Wajerumani hawajajenga boma lao la mawe pale Arusha. Mumewe, Lesikar, alisifika kwa kutoa ng'ombe damu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: ng'ombe anashikwa, anafungwa mkanda wa ngozi shingoni mpaka mshipa mkubwa unavimba. Lesikar anapiga mshale wenye ncha fupi, uliofungwa kizuizi usije ukazama kupita kiasi. Damu inaruka, inakingwa kwa kibuyu. Ikitosha, mkanda unalegezwa, kitundu kinabanwa kwa kidole na kupakwa kinyesi kibichi, na ng'ombe anarudi kula majani yake. Lesikar alikuwa akisema kwamba yeye hufungua tu, anayefunga ni ng'ombe mwenyewe.

Kibuyu kilimfikia Nanyori kingali na joto, na hapo hakukuwa na nafasi ya kupiga soga. Damu ikiachwa itulie huganda, ikawa kama ini. Nanyori aliingiza kijiti akakoroga bila kupumzika, na baada ya kitambo nyuzi zilianza kujizungusha kwenye kijiti, zikanenepa, akazivuta na kuwatupia mbwa. Iliyobaki ilikuwa damu nyepesi ya kunywa, isiyoganda tena hata ikilala hadi kesho yake. Olasiti nzima hakukuwa na mwanamke aliyekoroga kama yeye.

Mimi nimefanya kazi maabara ya hospitali miaka thelathini na moja, kwa hiyo nyuzi zile nazijua. Mshipa ukichanika, kwanza hujibana wenyewe. Kisha chembe ndogo sana zilizomo ndani ya damu, chembe sahani, hukimbilia penye tundu na kujibandika hapo, moja juu ya nyingine, zikafanya kizibo. Lakini kizibo hicho ni dhaifu, hakikai bila kufumwa. Ndipo protini za damu zinapoanza kuamshana, hii inaiamsha ile, ile inaiamsha nyingine, mpaka ya mwisho inageuka nyuzi na kukikaza kizibo kama wavu. Nilipomweleza Namelok hayo, alisema ni kama baba yake alivyosimulia ujenzi wa boma la Wajerumani. Wanaume walipangwa mstari toka mtoni, jiwe likapita mkono kwa mkono mpaka ukutani. Akikosekana mmoja katikati, jiwe linakwama, na ukuta haupandi hata kama wengine wote wapo na askari wamesimama na viboko. Nimesomeshwa na walimu wengi, na hakuna aliyenieleza vizuri kuliko hivyo.

Kijiti cha Nanyori kilizitoa tu zile nyuzi kibuyuni kabla hazijafuma. Hakikuwa na uwezo mwingine. Lakini binadamu akishaona jambo moja la kweli, huligeuza mlango wa kupitishia mengine kumi ya uongo.

Mwana wa kwanza wa Nanyori aliitwa Kisioki. Alipofika umri wa kung'olewa meno mawili ya chini, kama walivyofanyiwa watoto wote wa Kiarusha, aling'olewa pamoja na wenzake. Wenzake walitema damu asubuhi, jioni wakanywa maziwa. Kisioki alitema siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne alitema kidogo, kwa sababu hakikubaki kingi cha kutema, na jioni yake akafa.

Aliyetoa hukumu ni mama mkwe, Nkasiogi, mwanamke wa maneno machache na yote mazito. Alisema Nanyori alikoroga damu huku ana mimba ya mtoto yule, na kijiti kikakoroga ya kibuyuni na ya tumboni kwa pamoja. Damu iliyokorogwa haigandi, nani asiyejua? Nanyori aliamini. Angekataaje, naye ameiona kwa macho yake damu aliyoikoroga kwa mkono wake ikikataa kuganda miaka yote ile?

Hapa huwa napandwa na hasira. Siku hukumu ile inatolewa, Namelok alikuwa na miaka mitatu, anakimbiza ndama uani. Mimba ya Namelok nayo ilipita Nanyori akikoroga kila kibuyu kilicholetwa, na mtoto alipotobolewa masikio damu ilikatika kabla hajamaliza kulia. Hakuna aliyemwonyesha Nkasiogi mtoto huyo. Wala hakuna aliyekumbuka kwamba kwao Nanyori walikuwapo kaka wawili, wa tumbo moja naye, na wote wawili walimalizwa na damu, mmoja kwa kukanyaga mwiba, mwingine kwa kisu cha tohara. Kwetu mtoto huhesabiwa kwa baba, upande wa mama hauchunguzwi. Isitoshe, kwa desturi ya siku zile aliyekufa hatajwi jina. Watu wanne wangeweza kufa kifo kimoja, na bado ukoo usijue kuwahesabu pamoja.

Nanyori alipopata mimba ya tatu, alikichomeka kijiti juu ya mlango. Mke mwenzake, Naipanoi, akachukua kazi ya kukoroga. Miezi yote ile Nanyori hakukaribia kibuyu cha damu, na kwa kuzidisha tahadhari hata uji alikataa kuukoroga. Namelok alikumbuka akiukoroga yeye, angali mdogo, amesimama juu ya jiwe ili aufikie mwiko. Mtoto alizaliwa wa kiume, akaitwa Loserian. Nkasiogi alimpokea, akamgeuzageuza, akasema huyu hajakorogwa.

Basi kuanzia hapo kila dalili ilikuta jibu lake limeshakaa. Loserian aling'olewa meno, akatoka damu siku tisa, ikasimama. Nkasiogi alisema ya aliyekorogwa isingesimama. Wenzake wakimshika mkono kwa mchezo, kesho yake mkono ulikuwa na doa jeusi lenye alama za vidole. Wakasema ana ngozi laini kama ya mama yake. Alikuwa mtoto mcheshi, mwenye kuiga sauti za watu. Alimwiga bibi yake mpaka bibi mwenyewe akacheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika boma lile. Nanyori alimpenda kwa mapenzi ya kuogopa, akimfuata kwa macho kila alipokwenda. Usiku alikuwa akimpapasa miguu alipolala, kisha anatazama vidole vyake.

Alipokuwa na miaka kama kumi na mitano, vijana walichukuliwa kufyeka njia ya Wazungu upande wa Moshi. Loserian alirudi siku ya tano amebebwa mgongoni. Hakuangukiwa na mti wala kupigwa. Alikuwa amepiga goti chini kung'oa kisiki, na goti likavimba likawa kama chungu, la moto, halikunjuki. Dawa za mizizi hazikusaidia. Nanyori akasikia kwamba upande wa Wameru, mlimani, kuna misheni yenye Bibi wa Kizungu anayetibu vidonda, akampakia mwanawe juu ya punda, wakapanda.

Pale misheni palikuwa na Mmeru mmoja, Eliasi, aliyesaidia kufunga vidonda na kutafsiri, kwani Kimaasai, lugha ya Waarusha, alikijua sawasawa. Bibi wa Kizungu alilishika goti polepole, akafunua mikono ya Loserian, akatazama yale madoa kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Eliasi jambo, naye akamgeukia Nanyori, akimwita mama kwa Kimaasai.

“Yeyo, anauliza kama unao ndugu wa kiume, wa mama mmoja nawe.”

“Nilikuwa nao wawili.”

“Anauliza walikufaje.”

Nanyori alisimama. Alimwambia kwao waliokwenda hawatajwi, na kwamba amekuja kwa ajili ya goti, hakuja kuamsha wafu. Akamwinua mwanawe. Eliasi aliwafuata mpaka njiani, akamshika punda hatamu, akasema kwa sauti ya chini maneno ambayo Nanyori alikuja kuyarudia mpaka uzeeni.

“Yeyo, huyu asipitishiwe kisu. Bibi anasema akifunguliwa, hatafunga.”

“Sikukoroga,” Nanyori akajibu.

Eliasi hakuelewa alichoambiwa, na Nanyori hakumweleza. Njia nzima ya kurudi alijiuliza Mmeru ana faida gani kijana wa Kiarusha akibaki bila kutahiriwa. Alipofika nyumbani alikuwa ameshapata jibu la kumtuliza, nalo ni kwamba Mmeru na Mwarusha hawajawahi kutakiana mema. Goti likanywea taratibu, na Loserian akabaki akichechemea kidogo.

Lesikar naye alikuwa na lake. Siku moja Loserian alikuwa akimnolea mshale, ukamkata kidole. Damu ilidondokea jani la mgomba lililokuwa chini. Lesikar, aliyetazama damu maisha yake yote, alilitazama jani lile kwa mazoea tu. Tone la ng'ombe lingeshika kabla hujamaliza kufunga mkanda wa kiatu. Lile lilikaa linang'aa. Akaliinamisha jani, tone likatembea. Alichunga mbuzi, akarudi jua limepinduka, akaliinamisha tena, na katikati yake damu bado ilikuwa na maji. Mwanawe alikuwa amekibana kidole kwa majani toka asubuhi, na majani yamelowa. Lesikar alilikunja jani akalitia motoni, asimwambie mtu.

Mwaka uliofuata, ule ambao watu walikuwa wakisimuliana kwamba garimoshi limefika Moshi, ikatangazwa tohara ya vijana wa upande wetu. Msinione kama nawacheka wazee wangu. Asiyetahiriwa hakuwa na rika, hakuoa, hakusema mbele ya watu, na hata akiota mvi aliitwa layoni, yaani mvulana. Loserian aliusubiri wakati huo kwa hamu, kwa sababu ya lile goti. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba kisu kitamkuta amekaa chini akilalamikia mguu. Nanyori alipojaribu kusema labda asubiri kundi litakalofuata, kijana alimtazama kwa aibu.

“Yeyo, unataka nizeeke nikiwa layoni? Wewe mwenyewe ulisema mimi sikukorogwa.”

Lilikuwa neno la Nanyori mwenyewe, sasa linamrudia kwa kinywa cha mwanawe. Siku moja kabla ya tohara alikwenda mpaka walipokuwa ng'ombe, alipokuwa Lesikar, akasimama karibu naye. Alitaka kumweleza habari za Mmeru. Lesikar naye, kama alivyokiri baadaye, alitaka kumweleza habari za jani. Kila mmoja alikuwa na nusu yake. Lesikar akauliza kama maziwa ya wageni yanatosha, Nanyori akasema yanatosha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa wawili walikuwa wakifichana maradhi ya mtu mwingine.

Asubuhi ilikuwa na baridi na Meru ulikuwa umefunikwa na mawingu. Mama hasogei pale mwanawe anapotahiriwa, kwa hiyo Nanyori alikaa ndani ya nyumba yake pamoja na Namelok, ambaye alikuwa ameolewa Engutoto na amekuja na mimba ya miezi saba. Walisikia maji ya baridi yakimwagwa, wakasikia kimya, kisha shangwe za wanaume. Loserian hakupepesa hata jicho. Goti lake lilinyooka kama la wenzake. Namelok alisema mama yake alicheka kwa sauti, akafunika mdomo, akacheka tena. Hakuwahi kumwona na furaha namna ile, kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Wakamleta ndani, wakamlaza kitandani juu ya ngozi. Huko nje Lesikar alikuwa amempiga mshale mtamba, kwa sababu kijana aliyetoka kwenye kisu hupewa damu na maziwa kurudisha nguvu. Naipanoi akaingia na kibuyu. Nanyori, kwa mazoea ya miaka kumi na sita, akajitenga pembeni ya nyumba, na Namelok na mimba yake akasogezwa mbali zaidi. Naipanoi akaketi karibu na moto, akaingiza kijiti chake, akaanza.

Alikoroga mizunguko michache tu. Kisha akasikia kitu kinadondoka, tone kwa tone, chini ya kitanda. Ngozi ilikuwa imejaa, na damu imepata njia pembeni. Loserian alikuwa macho, anatabasamu, anamwiga mtahiri alivyokohoa kabla ya kukata. Naipanoi akakiacha kijiti, akakiweka kibuyu chini, akaenda. Wakabana kwa majani, kwa majivu, kwa vitambaa vya kaniki, kwa mikono yao. Ikipungua walipumua, kisha inarudi. Akaitwa mtahiri, akasema amekata wengi asubuhi hiyo kwa kisu hicho hicho na wote wameshakauka. Lesikar aliingia mara moja, akatazama sakafuni, akatoka.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Nanyori alipoinuka kutafuta maji, akakigonga kwa mguu kile kibuyu. Alikuwa amekisahau, wote walikuwa wamekisahau. Akakiinamisha. Hakuna kilichomwagika. Damu ya mtamba, iliyoachwa peke yake bila kuangaliwa na mtu, ilikuwa imekamata, imekuwa ini, kijiti cha Naipanoi kimesimama katikati yake. Nanyori akapiga magoti kando ya kitanda na kuchovya kidole kwenye dimbwi la asubuhi. Damu ya mwanawe, ambayo hakuna kijiti kilichowahi kuigusa, ilichuruzika hadi kiwikoni.

Namelok alisema mama yake alikaa hivyo muda mrefu, mkono mmoja kwenye kibuyu na mwingine sakafuni, wala hakulia. Kulia kulikuja baadaye na hakukuisha. Loserian alikufa siku ya tatu alfajiri, akiwa na akili zake, baada ya kuomba maziwa na kuyaacha.

Alitolewa nje, akaachwa porini kwa desturi ya siku zile. Watu walinyolewa, na jina lake likafungwa pamoja na ya wengine. Nkasiogi alitafuta sababu, akaipata upesi. Alisema Naipanoi amekosea kuingiza kibuyu ndani kabla kijana hajakauka, akakoroga karibu naye. Kisha Nkasiogi akamwangalia Namelok na tumbo lake, akaamuru asikae boma moja na kijiti mpaka ajifungue.

Hiyo ilikuwa siku ya nane au ya tisa baada ya kifo, na asubuhi ile ile Lesikar alikuwa ametoa damu kwa ajili ya watu wa nyumbani. Kibuyu kilikuwa mlangoni, kina mvuke. Namelok alishaanza kuinuka aende, Nanyori akamzuia kwa mkono. Akapapasa juu ya mlango, akakitoa kijiti chake kilichokaa pale tangu kabla Loserian hajazaliwa, akakipangusa vumbi. Kisha, mbele ya mama mkwe wake, akafanya jambo ambalo mwanamke wa Kiarusha halifanyi. Akawataja.

“Lemburis, ndugu yangu. Lekishon, ndugu yangu. Kisioki, mwanangu. Loserian, mwanangu.”

Wanawake waliziba masikio. Nkasiogi alimwambia anyamaze, naye akarudia tena majina yote manne kwa mpangilio ule ule, taratibu, mpaka kila aliyekuwapo akasikia yalivyoshikana. Lesikar, aliyekuwa amesimama nje, akaanza kusema habari za jani la mgomba, akashindwa kumaliza. Nanyori hakumgeukia. Alikiweka kijiti mkononi mwa binti yake.

“Koroga, mwanangu. Si kijiti.”

Namelok akaketi, akakoroga. Aliniambia kwamba mwanzoni alijisikia mwepesi, kama aliyeondolewa kosa lisilo lake. Kisha nyuzi zikaanza kujizungusha kwenye kijiti, na hapo ndipo neno la mama yake lilipomwingia. Kama si kijiti, hakikubaki kitu ambacho mtu angeweza kukichomeka juu ya mlango na kukaa nacho mbali. Alimtazama mama yake, akakuta mama yake anamtazama tumbo. Mtoto alikuwa akicheza humo ndani, na Namelok hakujua aombe awe wa kiume au wa kike, kwa sababu hata Nanyori, aliyewapitishia wanawe damu ya kaka zake, aliwahi kuwa mtoto wa kike.